Simu Haishuki Shimoni, na Busta Haitaishusha

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Busia na Namayingo, Uganda, wenye mashimo, na wenyeviti wa LC1 ambao vijiji vyao vina machimbo

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu siku hizi yamebadilika. Zamani watu walikuja kugombania mipaka ya mashimo. Sasa wanakuja na habari za busta, kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao wa simu. Mwenye shimo amenunua kisanduku chenye antena mbili, amekifunga juu ya banda la winchi, akavuta waya hadi mdomoni mwa shimo, na bado kijana aliye chini hapatikani kwa simu. Majirani nao wanasema tangu kisanduku hicho kiwashwe, simu zao zinakatika katikati ya maongezi. Pande zote mbili zinataka tuzibane kampuni za simu.

Kampuni za simu hazina kosa katika hili. Najua mlionunua busta mlitaka vijana wenu wawe salama, na nia hiyo naiheshimu. Lakini mmetumia pesa kununua kitu kisichoweza kufanya kazi hiyo, na kifaa chenyewe, kikiwa hakina kibali, kinawaingiza katika kosa la jinai.

Tulipokwenda Busia kukagua, tulifanya jaribio moja mbele ya watu wote. Tulichukua simu ya kawaida, tukaiweka kwenye ndoo, tukaifunga kwa kamba iliyopigwa fundo kila mita, na mmoja wa vijana akawa anaipigia bila kuacha. Mafundo matatu ya kwanza tuliisikia ikilia. Kwenye fundo la sita sauti ilikuwa inatoka bado, hafifu. Baada ya la tisa, yule kijana aliweka simu yake kwenye spika ili wote wasikie: mteja hapatikani. Tulipoivuta ndoo, simu ilikaa kimya karibu nusu dakika ikitafuta mnara, kisha ujumbe wa simu zilizokosa kupokelewa ukaingia kwa mkupuo. Mzee mwenye shimo akaniuliza, “Injinia, sasa hiyo netiweki imekwenda wapi?”

Haikwenda popote, Mzee. Haikuingia. Mawimbi tuliyoyaona yakishuka mita zile chache yalipitia mdomo wa shimo, hayakupenya ukuta. Minara yetu hapa Uganda hutumia zaidi masafa ya megahezi 800 (mitetemo milioni 800 kwa sekunde) na kwenda juu, na mawimbi ya namna hiyo yakikutana na udongo mbichi wa mfinyanzi hufifia ndani ya mita moja au mbili tu. Shimo likikata kona na kuingia kwenye mkondo wa pembeni, yaani njia iliyochimbwa kwenda ubavuni, hata kile kidogo kilichopitia mdomoni hakifiki. Na simu isiyoona mnara hutafuta bila kupumzika, hivyo betri inakwisha upesi. Kijana aliyefukiwa akiwa na simu mfukoni anaweza kubaki hata bila tochi.

Nimesikia mara nyingi kwamba dhahabu ndiyo “inayomeza” mtandao, na kwamba shimo likikosa netiweki basi lina mali. Tafadhali tuache maneno haya. Mwamba wenye dhahabu nzuri una gramu chache tu katika tani nzima ya mawe. Kinachomeza mawimbi ni maji na udongo, ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi wakati wa mvua. Mtu asichimbe kwa kufuata alama za netiweki kwenye simu yake.

Wokitoki nazo hazina tofauti kubwa. Muuzaji atakwambia inafika kilomita kumi, na pengine ni kweli juu ya uwanda. Lakini wimbi la wokitoki ya VHF lina urefu wa karibu mita mbili, na mashimo mengi tunayoyakagua yana upana wa mita moja hivi. Wimbi hilo haliwezi kusafiri katika koo jembamba namna hiyo, hata ukiongeza wati. Kuna hatari nyingine ambayo watu wanaichukulia kwa wepesi mno: redio ikirusha karibu na detoneta ya umeme, yaani kifyatuzi cha baruti, nguvu yake inaweza kuingia kwenye nyaya na kulipua baruti kabla ya wakati. Mahali panapotegwa baruti kwa umeme, zimeni redio na simu na mziweke mbali. Kwa hilo hatutasikiliza utetezi wa mtu.

Kinachofanya kazi ni nini, basi?

Chukueni lile sanduku la bati ambalo mtoto huenda nalo shule ya bweni. Tia simu ndani, funika, ipigie. Mara nyingi italia. Sasa ifunge simu hiyo kwa karatasi ya foili bila kuacha upenyo, uone itakavyonyamaza. Bati na foili vyote ni metali, ila mfuniko wa sanduku una ufa mrefu kandokando, na wimbi hupita kwenye ufa mrefu hata kama ni mwembamba kiasi gani. Migodi mikubwa imeufanya ufa huo kuwa mtambo. Wanavuta kebo nene ndani ya mikondo, kebo ambayo ganda lake la shaba limetobolewa kwa makusudi ili mawimbi yavuje nje na kuingia njia nzima, na kila baada ya mita mia kadhaa wanaweka kifaa cha kuyapa nguvu. Mchimbaji mwenye redio anayepita karibu na kebo hiyo anasikika. Mahandaki ya treni nayo hutumia kebo za namna hii.

Udhaifu wake ni kwamba mwamba ukiangukia kebo, kilicho mbele yake kinakuwa bubu. Hapo ndipo wataalamu walipogeukia mawimbi marefu sana. Kadiri wimbi linavyopungua mitetemo kwa sekunde, ndivyo linavyozama zaidi ardhini. Kwa kilohezi 3 (mitetemo elfu tatu kwa sekunde), katika ardhi ya wastani, wimbi hushuka karibu mita 90 kabla ya kubaki na kama theluthi ya nguvu zake. Unatandaza duara kubwa la waya juu ya ardhi, mwenzako chini ana duara lake, na mnaongea kupitia mwamba wenyewe bila kebo katikati. Waokoaji wa mapangoni nchini Uingereza wana redio iitwayo HeyPhone inayotumia kilohezi 87 kwa njia inayokaribiana na hiyo. Gharama yake ni kwamba wimbi la mitetemo michache halibebi maneno mengi. Jeshi la wanamaji la Marekani liliwahi kuzipelekea nyambizi zake ujumbe kwa hezi 76, na herufi chache tu zilichukua dakika nyingi.

Najua mchimbaji wa Busia hatanunua mtambo wa nyambizi. Nimeeleza haya ili mtu akija kuwauzia “redio ya kupenya mwamba” ya ukubwa wa kiganja inayotumia mtandao wa simu, mjue anawadanganya.

Mwaka 2006, tarehe 2 Januari, mgodi wa makaa wa Sago huko West Virginia, Marekani, ulilipuka. Wachimbaji 13 walinaswa, na waya wa simu ya mgodini uliharibiwa na mlipuko. Waliobaki hai walipiga nondo za kushikilia dari kwa nyundo nzito, kama walivyofundishwa, wakingoja jibu kutoka juu. Jibu halikuja. Alitoka hai mmoja tu. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulazimisha migodi ya makaa kuwa na mawasiliano yasiyotegemea waya na njia ya kujua kila mchimbaji yuko wapi. Karibu nasi zaidi, Nyangalata, wilaya ya Kahama nchini Tanzania, wachimbaji watano walitolewa hai mwaka 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku arobaini na moja bila njia ya kusema “tupo.” Kila nikiandika ripoti ya shimo lisilo hata na kamba ya ishara, nawakumbuka hao.

Sasa niseme kuhusu busta, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu ya kila siku ilipo. Busta ya bei nafuu haichagui. Inapokea kila kitu na kukitupa tena hewani, pamoja na kelele zake yenyewe. Antena zake mbili zikikaribiana, inaanza kujisikia na kujirudia, na mnara wa karibu unajazwa kelele hadi unashindwa kuzisikia simu za mbali. Ndiyo sababu ya simu za majirani kukatika. Siku ambayo kuna mama mjamzito anayetafuta gari usiku, kelele hiyo si jambo dogo.

Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013, kumiliki au kutumia chombo cha redio bila kibali cha Tume ya Mawasiliano ni kosa. Adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili, na chombo huchukuliwa. Kibali chenyewe kina sehemu mbili, na watu huzichanganya kila mara. Ya kwanza ni idhini ya aina ya kifaa, kuonyesha kwamba modeli hiyo imekaguliwa na inaruhusiwa nchini. Ya pili ni leseni ya masafa, yaani ruhusa yako wewe kuitumia mahali fulani kwa masafa fulani. Risiti ya dukani haimo katika hizo mbili. Barua ya mwenyekiti wa LC1 haimo pia, hata ikiwa na muhuri. Mwombaji awe tayari kutaja jina la mtengenezaji, modeli, masafa, nguvu ya kurusha, urefu wa antena na mahali kamili itakaposimama. Ambatisha leseni yako ya uchimbaji kwa mujibu wa Sheria ya Uchimbaji na Madini ya mwaka 2022. Kama hujaipata, anza na hiyo kwanza. Kwa busta ya simu hasa, hatua fupi ni kuandikia kampuni yako ya simu, kwa kuwa masafa hayo wamepewa wao.

Aliyekwisha kufunga busta bila kibali aizime leo, aondoe na waya, kisha aje atueleze. Anayekuja mwenyewe tunazungumza naye vizuri.

Kwa shimo la kawaida la mchimbaji mdogo, tunapendekeza waya. Simu mbili za mezani za kutumia betri, aina zinazounganishwa moja kwa moja kwa nyaya mbili, hazihitaji mnara wala leseni ya masafa. Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki upande ambao ndoo haigusi. Pembeni yake muwe na kamba ya ishara yenye kengele juu, isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote, na maana za kengele ziandikwe kwa rangi kwenye ubao mdomoni mwa shimo: mara moja ni simama; mara mbili ni teremsha; mara tatu ni mtu anapanda; kengele mfululizo ni hatari. Kila shimo lina desturi yake, na hatuwalazimishi mfuate hii, mradi anayeshuka na anayeshika winchi wawe na moja. Kitu cha tatu ni bomba la chuma kutoka juu hadi chini. Linapitisha hewa, na likigongwa linasikika.

Na mwenye winchi awe na daftari. Jina, saa ya kushuka, saa ya kupanda. Tumefika kwenye maporomoko ambapo hakuna aliyejua kama chini kuna watu wawili au watano.

Shimo likiporomoka na kuziba, piga 999 au 112 mara moja, kisha toa taarifa kwa mkaguzi. Msiteremshe pampu ya petroli kuondoa maji wakati kuna watu ndani, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila harufu na wao hawana pa kukimbilia. Zimeni majenereta yote, na ya mashimo jirani pia. Watu wanyamaze, hata wanaolia wasogezwe mbali kidogo. Mmoja agonge bomba mara tano, aweke sikio, angoje dakika nzima akitazama saa, agonge tena. Aliye chini akisikia, ajibu kwa idadi ya walio hai, pigo moja kwa kila mtu, kisha apumzike. Mwenye daftari aandike saa na idadi ya mapigo, na karatasi hiyo apewe mwokoaji wa kwanza atakayefika.