SGR ni upana wa reli, sio treni ya umeme

Juzi kijiweni kwenye kahawa hapa Tabora, karibu na stesheni, kijana mmoja alikuwa anatusomea kwenye simu mambo makubwa ya treni yaliyotokea duniani mwaka 2024. Akafika kwenye ile njia ya San Francisco kwenda San Jose kule Marekani, ambayo mwezi wa 9 mwaka huo iliacha dizeli ikaanza kutembeza treni za umeme, akasema "kumbe Marekani nao wamepata SGR mwaka mmoja na sisi". Watu wakaitikia, kahawa ikaendelea kumiminwa. Mi nilinyamaza maana wazee walikuwa wanaongea, lakini hii kitu nimeisikia mara nyingi mno na mji wetu umelelewa na reli, sisi sio watu wa kukosea hapa.

SGR (Standard Gauge Railway) ni reli ambayo ukipima kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja mpaka ubavu wa ndani wa chuma cha pili unapata milimita 1435. Basi, imeisha hapo. Ya kwetu hii ya zamani ni milimita 1000, mita moja kamili, ndo maana inaitwa MGR (Metre Gauge Railway). TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni 1067. Hayo ni majina ya upana, hayasemi kinachovuta ni umeme, dizeli au makaa, na hayasemi treni inakimbia kiasi gani.

Hiyo njia ya San Francisco ilijengwa kwa milimita 1435 tangu karne ya 19. Kilichoongezwa mpaka kufika 2024 ni nguzo, nyaya na treni mpya, upana haujaguswa hata kidogo.

Sasa tatizo naona linaanzia kwenye hilo neno standard lenyewe. Sisi tukisikia standard tunasikia ubora, kitu cha hali ya juu, afu watangazaji wakaja na "reli ya kisasa, yaani SGR", ikasemwa hivo miaka na miaka mpaka watu wakaamini kirefu cha SGR ndo reli ya kisasa. Sio. Geji ni ilelile geji ya mafundi wetu wa magari, geji ya mafuta, geji ya upepo, ni kipimo tu. Na standard zamani sana kule Ulaya lilikuwa neno la bendera ya vita, ile inayosimamishwa ili askari wajue pa kukusanyikia, baadaye ndo likaja kuwa kipimo ambacho wote wanakifuata. Kwa hiyo standard geji ni kipimo walichokubaliana watu. Kiswahili chake cha haki kingekuwa reli ya kipimo cha kawaida, na "kawaida" ni mbali sana na "kisasa".

Na walikubaliana baada ya kusumbuana kweli. Kaskazini mashariki mwa Uingereza kulikuwa na vijia vya mbao na baadaye chuma vya kuvutia makaa ya mawe kwa farasi, fundi wa injini George Stephenson alifanya kazi kwenye migodi ya huko na akauchukua upana wa vijia hivyo akautia kwenye reli ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa 1825, futi 4 na inchi 8, baadaye ikaongezwa nusu inchi ili magurudumu yasibane, ndo ikatoka 1435 yetu. (Ile stori inayozunguka WhatsApp kwamba upana huu ulitoka kwenye magari ya farasi ya Warumi imepambwa sana, ushahidi ulio wazi ni wa vijia vya makaa.) Baadaye injinia mwingine, Brunel, akajenga reli yake ya kutoka London kwenda magharibi kwa futi 7 na robo inchi, zaidi ya mita 2, na kitaalamu ilikuwa nzuri, ilitulia na ilikimbia. Lakini zilipokutana pale Gloucester mizigo ikawa inashushwa kutoka behewa moja na kupakiwa kwenye jingine, vurugu tupu, mpaka bunge lao likapitisha sheria mwaka 1846 kwamba reli mpya za abiria zijengwe kwa kipimo cha Stephenson. Ile ya Brunel ilimalizika kung'olewa 1892. Kipimo cha Stephenson kilishinda kwa sababu kilikuwa kimeshatandazwa sehemu nyingi zaidi, hakikushinda kwa ubora.

Angalia miaka hapo. Mjerumani alianza kutandaza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam 1905, akafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Yaani hiyo 1435 tunayoiita ya kisasa ina umri mkubwa kuliko reli ya mita moja iliyopita hapa nyuma ya nyumba zetu, imeipita kwa miaka 80 hivi!

Jirani zetu Kenya wana SGR tangu 2017 Mombasa mpaka Nairobi, na vichwa vyake ni vya dizeli. Geuza upande wa pili, Uswisi kuna reli za mita moja kama hii ya kwetu zinapanda milima kwa umeme, na mwaka 2022 walitembeza juu yake treni ya mabehewa 100 yenye urefu wa karibu kilomita 2. India upana wao ni 1676, sio SGR kabisa, na zaidi ya asilimia 90 ya njia zao hizo pana zina umeme. Australia kule Queensland treni ilifika kilomita 210 kwa saa mwaka 1999 juu ya reli ya 1067, upana wa TAZARA.

Sisemi upana hausaidii, unasaidia, behewa likisimama kwenye miguu iliyoachana linatulia zaidi, na Wajapani walipoanza treni yao ya kasi 1964 waliacha 1067 ya nchini kwao wakaenda 1435. Ila hii ya Dar mpaka Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024 inafika 160 kwa saa kwa sababu ya mengi yaliyokuja pamoja, kona zimenyooshwa, madaraja na mahandaki yamejengwa badala ya kuzunguka vilima, kuna uzio, kuna mawasiliano mapya ya kuongoza treni, kuna umeme. Ukiirudisha njia hiyohiyo kwenye kona za Mjerumani, hiyo 1435 peke yake haitakupa 160.

Kinachonifanya niandike kirefu hivi ni swali ambalo mama mmoja wa dagaa wa Kigoma aliniuliza, kwamba wakati wanasubiri SGR ya Tabora kwenda Kigoma imalizike, kwa nini wasilete ile treni ya mchongoko, ile ya umeme ya SGR ya Dar, ipite kwenye reli iliyopo, nyaya watafunga baadaye, hata ikivutwa na kichwa cha dizeli. Swali zuri sana, na jibu lake liko ndani ya neno lenyewe kama tungelielewa. Magurudumu ya mchongoko yameachana milimita 435 zaidi ya reli yetu, karibu dhiraa moja, hayawezi hata kukaa juu ya chuma. Aliyeambiwa SGR ni umeme anabaki anajiuliza kwa nini ananyimwa treni. Aliyeambiwa ni upana anaelewa palepale kwa nini lazima yatandazwe mataruma mapya.

Kwa hiyo mdogo wangu wa pale kijiweni, ile habari ya Marekani ilikuwa sahihi na umefanya vizuri kutusomea, sema tu "wameweka umeme kwenye njia yao ya zamani". Uganda ndo waliosaini mwezi wa 10 mwaka huohuo kujenga kutoka Malaba mpaka Kampala kwa 1435, hiyo hapo iite SGR bila wasiwasi.