Roboti wa ndani ya jengo anajuaje alipo wakati GPS haimfikii?

Ukiwa nje, ramani ya simu hukuonyesha ulipo kwa kukosea mita chache tu. Ingia ndani ya jengo la ghorofa kadhaa, na alama yako kwenye ramani huanza kutangatanga. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Mawimbi yake yakifika huku chini huwa yamedhoofika mno, na zege na mabati humalizia nguvu kidogo iliyobaki. Sasa fikiria roboti anayepeleka dawa wodini au anayesafisha sakafu ya ofisi usiku. Kwake mita chache ni nyingi mno, kwa sababu akikosea nusu mita tu amegonga fremu ya mlango.

Sehemu ya jibu iko kwenye magurudumu yake. Kila gurudumu lina kihisi kinachohesabu mizunguko, na programu huigeuza mizunguko hiyo kuwa umbali. Ni kama mtu anayetembea gizani akihesabu hatua: mwanzoni yuko sawa, lakini kila kosa dogo hurithiwa na hatua inayofuata. Roboti akipinda digrii 1 tu bila kujua, baada ya mita 10 amekwisha kuacha njia kwa sentimita 17. Gurudumu likiteleza kwenye sakafu yenye maji, hesabu huharibika na yeye hana habari. Kamera na leza humsaidia sana, ila kamera ya kawaida hushindwa gizani, na miale ya leza hupenya kioo kisafi kana kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo mawimbi ya redio yanapoingia kazini.

Njia rahisi ni kupima nguvu yake. Ukiwa karibu na ruta ya Wi-Fi mawimbi huwa na nguvu, ukienda mbali hufifia. Mwaka 2000 Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan wa Microsoft walieleza mfumo walioupa jina RADAR. Kwanza walipima nguvu ya mawimbi sehemu nyingi za ghorofa moja na kuhifadhi vipimo. Baadaye kifaa kilipotaka kujua kilipo, kililinganisha kile kinachopokea na vipimo vile. Kosa lilikuwa la mita 2 hadi 3. Kazi hiyo ilifungua njia kwa wengi, lakini roboti haimtoshi. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4. Mtu akisimama kati ya roboti na ruta, roboti hudhani ruta imekwenda mbali. Kabati la chuma likihamishwa, vipimo vya zamani havina tena maana.

Kilicholeta mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, ni kuacha kupima nguvu na kuanza kupima muda. Mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukijua yamechukua muda gani njiani, umejua umbali. Ugumu ni kwamba saa ya roboti na saa ya kifaa kilichofungwa ukutani hazilingani kwa nanosekunde, wala huwezi kuzilazimisha kirahisi. Kwa hiyo hufanya mazungumzo. Roboti hutuma ujumbe, kifaa cha ukutani husubiri kwa muda unaojulikana kisha hujibu, na roboti hutoa muda wa kusubiri na kugawa kwa mbili muda uliobaki.

Hata hapo kuna mtego ambao wengi hawautarajii. Tuseme kifaa kilisubiri milisekunde 1 kabla ya kujibu, na saa yake inapishana na ya roboti kwa sehemu 20 tu katika kila milioni. Tofauti hiyo ni nanosekunde 20. Igawe kwa mbili, ibadilishe kuwa umbali, na roboti amekosea mita 3! Dawa yake ni ujumbe wa tatu: roboti naye hujibu jibu, kila upande hupima mwenzake, na karibu kosa lote la saa hufutika.

Mazungumzo haya hufanyika vizuri zaidi kwenye redio za mkanda mpana sana, maarufu kwa kifupi UWB. Marekani iliziruhusu mwaka 2002 katika masafa ya gigahezi 3.1 hadi 10.6, kwa nguvu ndogo sana ili zisisumbue redio nyingine. Upana wa mkanda, yaani wa eneo la masafa ambalo redio hutumia, una maana kubwa hapa, kwa sababu mkanda wa megahezi 500 hutoa mdundo mfupi wa nanosekunde 2 hivi. Chumbani mawimbi hugonga kuta, dari na meza, na mwangwi wake hufika ukifuatana. Midundo ikiwa mifupi, roboti huweza kutenganisha ule uliofika wa kwanza, ambao kwa kawaida ndio uliopita njia iliyonyooka, na ile iliyozunguka. Akipata umbali wake kutoka vifaa vitatu au vinne vya ukutani, huweza kujua mahali alipo kwa kosa la sentimita 10 hivi, ilimradi njia iko wazi. Kisha huchanganya jibu hilo na hesabu ya magurudumu, mara nyingi kwa kanuni ambayo mhandisi Rudolf Kálmán aliichapisha mwaka 1960. Kanuni hiyo hukipa kila kipimo uzito kulingana na kinavyoaminika.

Lakini mwangwi huo si kero tu. Mtu akipita chumbani, mwangwi hubadilika, na mpokeaji makini hutambua. Mwaka 2013 Dina Katabi na Fadel Adib wa chuo cha MIT walionyesha kifaa walichokiita Wi-Vi. Antena zake mbili zilituma mawimbi yaliyopangwa yafutane kwa kila kitu kilichotulia, ukuta ukiwemo, kwa hiyo mwangwi uliobaki ulitoka kwa kilichokuwa kikitembea upande wa pili. Hata pumzi huonekana. Katika gigahezi 5 urefu wa wimbi ni sentimita 6; kifua kikisogea milimita 5, njia ya kwenda na kurudi hubadilika sentimita 1, sehemu ya sita ya wimbi zima, na hicho ni kiasi kinachopimika. Kwa roboti, hii ni nafasi ya kujua kuna mtu nyuma ya kona kabla kamera haijamwona. Ni pia sababu ya kutaka wenye jengo waelezwe wazi kinachopimwa, maana ukuta hauzuii tena.

Kujua alipo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwongoza. Shakey, roboti aliyeundwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko California kati ya 1966 na 1972, alikuwa na ubongo wake chumba kingine, kwani kompyuta za wakati huo hazikubebeka. Amri zilimfikia kwa redio. Wa leo huweza kubeba kompyuta yake, lakini bado wahandisi huchagua kipi kibaki mwilini mwake na kipi kipite hewani.

Anayekwenda mita 1 kwa sekunde akisubiri amri milisekunde 200, amekwisha sogea sentimita 20. Na Wi-Fi hucheleweshwa bila mpangilio: kifaa husikiliza kwanza, kikikuta mwingine anatuma, husubiri kwa muda wa kubahatisha. Kwa hiyo kasi ya mota na kusimama mbele ya mtu huamuliwa ndani ya roboti mwenyewe. Seva, yaani kompyuta kuu anayowasiliana nayo kwa redio, humpa tu mambo yasiyo ya haraka, kama kazi inayofuata au ramani mpya. Seva pia humtumia ishara ya uhai mara kwa mara, na ishara hiyo ikikatika kwa muda uliowekwa, roboti hupunguza mwendo au husimama.

Mahali penye kusumbua zaidi ni pale anapotoka eneo la ruta moja kuingia la nyingine, kwa sababu mawasiliano yanaweza kukatika kwa muda. Ndiyo maana kabla ya kumwachia roboti jengo, fundi hupita kwanza kila ukumbi na kila lifti akipima mawimbi, na panapokatika huongeza ruta au humchorea roboti njia nyingine.