Je, wajua kwa nini Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwekwa foleni nyuma ya mtu ambaye hata hakuwepo?

Twende Florence, Italia, mwaka 1462 hivi. Kuna mzee anaitwa Cosimo de' Medici, tajiri wa benki, na mji ndo anauendesha yeye japo sio mfalme. Mzee alikuwa na kazi zote za Plato kwa Kigiriki, na kwa Kilatini wakati huo zilipatikana chache tu, kwa hiyo akamkabidhi Marsilio Ficino, mtoto wa daktari wake, azitafsiri.

Sasa kabla kazi haijachanganya, mtawa mmoja akawa ameleta kutoka Makedonia vitabu vidogo 14 vya Hermes Trismegistus. Cosimo akasema Plato asubiri, anza na huyu!

Kwa nini? Kwanza mzee alishapita miaka 70, jongo linamtesa, anataka asome kabla hajafa. Ila sababu kubwa ni kwamba wasomi wa Renesansi (zama za kufufua elimu ya kale huko Ulaya) waliamini kitu kikiwa cha kale zaidi ndo kina ukweli zaidi, na Hermes walimchukulia ni mhekima wa Misri wa karibu na zama za Musa, yani Pythagoras na Plato wenyewe walichota kwake, na nani angebisha wakati hata Mtakatifu Augustino alimwandika kama mtu wa kweli?

Ficino akamaliza 1463, Cosimo akafariki Agosti 1464, ila aliwahi kupata na tafsiri ya majadiliano kama 10 ya Plato, yani vitabu vyake vya mtindo wa mazungumzo. Hermes akavuma balaa, hata mwanaastronomia Copernicus kwenye kitabu chake cha 1543 anamtaja pale anaposifia jua.

Mpaka 1614 ndo msomi Isaac Casaubon akaharibu sherehe. Alikuwa fundi wa Kigiriki, akaona lugha ile ni ya baada ya Kristo, mawazo mengine yametoka kwa Plato na kwenye Biblia, halafu humo ndani anatajwa Phidias, mchongaji wa Athens wa karne ya 5 KK. Sasa mtu wa zama za Musa kamjulia wapi Phidias jamani? Kumbe aliyechota ni Hermes, tena maandishi ya watu kadhaa waliojificha nyuma ya jina hilo.

Ficino hakuyajua hayo, alishafariki 1499. Tafsiri yake kamili ya Plato ilichapishwa 1484, miaka 13 baada ya ile ya Hermes kuchapishwa 1471.