Bahati ya kimaadili: kwanini mmoja ni mlevi tu, mwenzie ni muuaji

Chukua watu wawili, tuwaite Juma na Peter. Ijumaa wamekaa baa moja, wamepiga bia sita sita, saa saba usiku kila mtu kaingia kwenye gari yake kaondoka na wote wanaona barabara mbili mbili. Juma kafika nyumbani, kakwangua geti kidogo, kalala na viatu. Peter naye spidi ileile, ujinga uleule, ila kwenye kona moja kulikuwa na mama anavuka, katoka kufunga biashara yake ya chipsi. Mama kafa palepale. Asubuhi Juma kichwa kinamgonga na mkewe kamnunia kwa ajili ya geti, Peter yuko lokapu na mtaa mzima unamwita muuaji.

Sasa hebu niambie, Peter kafanya nini ambacho Juma hakufanya?

Ukikaa ukatafuta hukipati. Kilichowatofautisha ni yule mama, na Peter hakumweka pale, wala Juma hakufanya lolote ili kwenye njia yake yeye pasiwe na mtu. Hiyo ndo inaitwa bahati ya kimaadili, yaani pale mtu anapolaumiwa au kusifiwa kwa jambo ambalo sehemu yake kubwa haikuwa mikononi mwake. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1976 kwenye insha ya mwanafalsafa Muingereza Bernard Williams, na Mmarekani Thomas Nagel akaandika ya kumjibu mwaka huohuo. Williams alilichagua makusudi lisikike linajipinga, maana bahati ni kitu usichokiamua, na maadili tumezoea kwamba ni mambo ya kile ulichokiamua. Ni kama mtu akuambie moto baridi.

Na ugomvi unaanzia hapo, kwa sababu wote tunaamini kwamba hulaumiwi kwa kisichokuwa kwenye uwezo wako. Mtoto kasukumwa kwenye foleni kamwangukia mwenzie, unamtafuta aliyesukuma, humchapi aliyesukumwa. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliisimamia hii mwaka 1785 bila kuyumba, akasema nia njema hata isipozaa chochote bado inang'aa yenyewe kama kito. Matokeo hayaiongezei wala kuipunguzia. Safi kabisa. Ila mpeleke Kant msibani kwa yule muuza chipsi, awaambie ndugu wa marehemu kwamba Juma na Peter wana kosa sawasawa, uone kama atamaliza sentensi.

Sheria zenyewe haziko upande wa Kant. Hapa Tanzania ukimpiga mtu risasi kwa kukusudia akafa, Kanuni ya Adhabu inasema kunyongwa. Ukimlenga na chuki ileile, risasi ikagonga nguzo, hilo ni kosa la kujaribu kuua na adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Nguzo ndo imekuokoa na kitanzi, na nguzo haina habari na roho yako ikoje.

Kuna watu wanasema hili halina utata, lawama ni sawa ila ushahidi tu ndo unatofautiana: ya Peter imeonekana, ya Juma imejificha. Mi naona kuna ukweli mkubwa hapo ila haimalizi kesi, kwa sababu kwenye mfano wetu tumeshajua kila kitu kuhusu Juma, bia tumezihesabu, hakuna kilichojificha, na bado ukikutana naye kesho utamwambia "punguza pombe kaka" huku Peter unamkwepa kabisa. Na mimi pia nitamkwepa. Nikilazimishwa kuchagua, nasema kosa letu ni kumwachia Juma, siyo kumkandamiza Peter. Niliwahi kusinzia kwenye usukani kati ya Chalinze na Morogoro, nikashtuka tairi ziko kwenye kokoto pembeni, na hiyo stori nimeisimulia miaka yote kama kichekesho. Angekuwepo mtu anatembea pale pembeni mngekuwa mnaongea mengine kuhusu mimi.

Nagel hakuishia kwenye matokeo. Akasema kuna bahati ya mazingira, na hii ndo inaniuma zaidi. Mfano wake ni Mjerumani ambaye alikuja kuwa ofisa wa kambi za mateso za Wanazi, watu wa Hitler, ila labda angeishi kimya kimya bila kumdhuru mtu kama Wanazi wasingewahi kushika madaraka, na mwingine ambaye alihamia Argentina mwaka 1930 kwa mambo ya biashara akaishi maisha ya kawaida, ila angebaki labda naye angekuwa ofisa wa kambi. Huku kwetu huna haja ya kwenda mbali hivyo. Mi najisifu sijawahi kula rushwa hata shilingi. Kweli kabisa. Ila nafundisha tuisheni ya hesabu, nani anihonge, ili iweje? Mwenzangu kakaa kitengo cha vibali anawekewa bahasha mezani kila wiki, siku moja mtoto anaumwa akaichukua, mimi huyo namnyooshea kidole.

Nyingine ni bahati ya ulivyoumbwa, kuna mtu kazaliwa na hasira za karibu na mwingine kazaliwa mpole, hakuna aliyechagua. Na ya mwisho ni mnyororo wa sababu zilizokufikisha ulipo, ambayo ukiifuata unaishia kwenye ule mjadala wa siku zote kama hiari ipo au haipo. Ukijumlisha zote ndo unaona tatizo: toa matokeo, toa mazingira, toa tabia ya kuzaliwa, toa sababu zote zilizotangulia, kinachobaki cha "wewe" wa kulaumiwa ni kidogo kuliko ncha ya sindano. Nagel mwenyewe alikiri hana dawa ya hilo.

Williams alitazama kwingine, na kwangu hapo ndo penye nyama. Alisema mfikirie dereva ambaye hakulewa, hakukimbiza gari, hana kosa lolote, mtoto kamrukia mbele ghafla akamgonga akafa. Tutamwambia ajali haina kinga, bwana, siyo kosa lako. Lakini dereva akijibu "kweli, siyo kosa langu" akaenda zake kula chakula cha mchana, tutamwona ana kasoro. Tunategemea aumie tofauti na abiria aliyekuwa amekaa pembeni yake, japo wote wawili hawana hatia. Siyo hatia, siyo huzuni ya mtazamaji, ni kitu cha katikati: mimi ndo niliyefanya, japo sikukusudia.

Wazee wa dini walilijua hili kabla ya vyuo vikuu. Kwenye Qur'ani, Surat An-Nisaa aya ya 92, aliyeua muumini kwa bahati mbaya hahesabiwi kama aliyekusudia, lakini haondoki hivihivi: anaacha huru mtumwa na kuwalipa ndugu wa marehemu diya isipokuwa wakisamehe, na asiyepata mtumwa anafunga miezi miwili mfululizo. Biblia nayo, Kumbukumbu la Torati 19, ina mtu aliyekwenda msituni kukata kuni na mwenzie, chuma cha shoka kikachomoka kwenye mpini kikamuua mwenzie. Huyo anakimbilia mji wa makimbilio, ili ndugu wa damu wasimmalize njiani, kama vile dereva wa leo anavyokimbilia kituo cha polisi kabla wananchi wenye hasira kali hawajafika. Hana hatia, mji wenyewe umetengwa kwa ajili yake. Lakini kurudi kwao haruhusiwi, na ukisoma Hesabu 35 utaona anakaa humo mpaka afe kuhani mkuu. Kwa hiyo kama kuhani alikuwa mzee anayekohoa, jamaa anarudi kwa mkewe baada ya mwezi, na kama kuhani alikuwa kijana mwenye afya, anazeekea kulekule.