Kabla ya Glovu, Tafuta Atakayemfundisha Mrushaji

Mwalimu au mzazi akinipigia simu kwamba anataka kuanzisha timu ya softiboli ya wasichana, ule mchezo wa mpira na gongo unaofanana na besiboli, timu ya kushindana kweli, swali lake la kwanza karibu kila mara ni glovu za kudakia. Zinapatikana wapi? Bei gani? Namwelewa, maana nami nilianza hivyo hivyo hapa Busia, upande wa Uganda. Siku hizi namjibu kwa swali: nani atawafundisha kurusha?

Katika softiboli ya kasi, mrushaji ndiye anayebeba mechi. Anasimama katikati, mkono wake unazunguka duara zima, unapanda mbele, unapita juu ya kichwa, unashuka nyuma hadi kwenye nyonga, na mpira unamtoka ukiwa chini ya kiuno. Kwa sheria nyingi za vijana, walio chini ya miaka 12 hurusha kutoka mita 12.2, na walio chini ya miaka 14 kutoka mita 13.1. Mipira minne ikipita nje ya eneo la mpigaji, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza kati ya vinne vya kukimbilia. Mrushaji asiyefundishwa atawapa watano, sita, saba hiyo safari ya bure. Wenzake wanane wanasimama juani bila kazi. Baada ya mwezi mmoja wasichana wako wamerudi kwenye netiboli, na huwezi kuwalaumu.

Hilo lilinipata. Timu yangu ya kwanza niliikabidhi kwa kijana aliyekuwa amecheza besiboli kwa miaka mingi. Mtu mwema, anawapenda watoto, na kwa kufundisha kupiga na kudaka sijaona wengi wa kumfikia. Lakini mrushaji wetu, msichana wa P7 (darasa la saba) mwenye mabega mazuri, alikuwa anarusha juu ya kichwa cha mdakaji wa nyuma ya mpigaji kila mara, na kocha akawa anamwambia, "Chelewa kuachia, chelewa kuachia." Mpira ukazidi kupaa. Siku moja aliweka glovu chini kando ya mwembe, akaenda nyumbani, hakurudi. Kosa lilikuwa langu. Nilimweka mwalimu mahali ambapo ujuzi wake haukufika.

Sababu yenyewe ni rahisi ukishaiona. Anayetupa kwa juu, kama kwenye besiboli, akiachia mapema mpira unapaa, akichelewa unagonga chini. Kwa anayerusha kutoka chini ni kinyume: mkono unapanda unapopita nyonga, kwa hiyo akichelewa kuachia ndipo mpira unapopaa. Yule kijana alikuwa anampa mtoto dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo kila anayeomba ukocha mkuu namuuliza: mrushaji wako anarusha juu kila mara, unamrekebisha nini kwanza? Akitaja muda wa kuachia kwa mpangilio wa softiboli, tunaendelea kuzungumza. Akinieleza pia kwamba huenda kiwiliwili kinaegemea nyuma, au hatua ya mbele imetoka nje ya mstari wa kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, nafurahi sana. Akisema, "Arushe tu mara nyingi, atazoea," namshukuru kwa muda wake.

Swali la pili ni hili: utamtumia mrushaji mmoja mechi ngapi kwa siku? Wapo wanaoamini kwamba kurusha kwa chini hakuumizi, ati msichana anaweza kurusha mashindano yote peke yake. Si kweli. Watafiti waliopima mwendo huu wamekuta bega na kiwiko vinabeba nguvu kubwa, zinazokaribia zile za warushaji wa besiboli. Kocha ninayemtaka anaanza na wasichana watatu wa kurusha, na ananiambia bila kuulizwa ni siku gani watapumzika.

Hapa kwetu besiboli ya wavulana ina mizizi kuliko softiboli, hivyo utapata waombaji wengi wa upande huo. Usiwakatae. Mchukue kama msaidizi wa kupiga na kudaka, au mpe ukuu akikubali kujifunza kurusha kwa chini upya kama mwanafunzi. Tafuta pia wanawake waliocheza softiboli shuleni au chuoni. Wengi wapo, wanafanya kazi benki au wanauza duka, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mimi binafsi nawapenda waliokuwa wadakaji wa nyuma ya mpigaji: ndio waliocheza wakiuona uwanja wote mbele yao, na ndio waliokaa wakimtuliza mrushaji alipochanganyikiwa.

Mazungumzo hayatoshi. Mpe kazi ya saa moja: wasichana kumi na sita, glovu tano, mipira minne, uwanja wa shule ya msingi wenye ng'ombe pembeni. Kaa chini ya mti uangalie. Je, kuna foleni ya watoto kumi wakimtazama mmoja akipiga? Basi bado. Kocha mzuri anawagawa: hawa wanadaka mipira ya tenisi kwa mikono mitupu, wale wanafanya mzunguko wa mkono bila mpira, wengine wanakimbia vituo vya mita 18.3. Sikiliza pia anavyomsemesha aliyekosea. Wasichana wetu wamekulia kwenye kwepena, mchezo wa kukwepa mpira unaotupiwa. Wanajua kutupa kwa nguvu na kukwepa kabla hawajafikiri. Kocha anayeuona utajiri huo siku ya kwanza atafika mbali nao.

Halafu kuna jambo ambalo sitalilainisha. Hawa ni watoto wa watu. Piga simu kwa watu waliofanya kazi naye, zaidi ya wale aliowaandika yeye. Weka mwanamke mtu mzima kwenye kila zoezi na kila safari. Kocha hambebi mtoto peke yake kwenye bodaboda, hata mvua ikinyesha, hata akiwa mtu unayemwamini kama ndugu yako. Liandike hilo kwenye mkataba, pamoja na posho yake, muda wa mwaka mmoja, na kwamba yeye ndiye anayechagua nani acheze. Mzazi mwenye malalamiko aje kwa meneja wa timu, kesho yake, damu ikiwa imepoa.

Umri nao ushughulikie mapema. Tukienda Kampala tunapita Lugazi, na huwa nawaonyesha wasichana mji ule. Mwaka 2011 wavulana wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza kwa sababu ya utata wa nyaraka za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Kwa hiyo nikimsajili mtoto naomba cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya serikali ya vitambulisho na usajili. Kama hana, mzazi anaanza kukishughulikia wiki hiyo hiyo.

Vifaa, kwa ufupi: kofia ngumu za kupigia na kinga kamili za mdakaji usizikwepe. Glovu wanaweza kupokezana, timu moja ikidaka nyingine inapiga. Vituo tengeneza kwa mpira wa ndani wa tairi la lori, uliokatwa bapa. Gunia la mchanga linavunja vifundo vya miguu. Kwa wadogo nunua mpira wenye mzingo wa sentimita 28, maana ule mkubwa wa sentimita 30 hauenei kiganjani mwao.

Sisi tunaanza likizo ndefu ya Desemba, P7 wakiwa wamemaliza mtihani. Wiki sita za kwanza hatuchezi mechi hata moja. Wazazi wanauliza, majirani wa upande wa Kenya wanatualika, kocha anakataa. Kila asubuhi warushaji watatu wanasimama mita tano kutoka ukuta wa darasa, na kocha kando yao akitazama nyonga. Mwezi wa pili anawarudisha nyuma hatua moja.