Biblia haikupigiwa kura Nikea

Ile meseji imeanza tena kuzunguka kwenye magrupu, kwamba mwaka 325 mfalme wa Roma aliwaita maaskofu Nikea (leo ni İznik, Uturuki) wakapiga kura vitabu gani viingie kwenye Biblia, vingine wakachoma. Mkutano ulikuwepo kweli, ila ajenda haikuwa hiyo. Walibishana kama Yesu ni Mungu sawa na Baba, wakajadili tarehe ya Pasaka, wakatoa na kanuni 20 ambazo hata mtandaoni zipo, zisome zote, hamna hata moja yenye orodha ya vitabu.

Ukweli ni mrefu kidogo na kwangu mimi unanoga zaidi. Kuna vipande vya mafunjo (karatasi za kale za matete) vya karne ya 3, yaani kabla ya Nikea, vina Injili zote nne pamoja na Matendo. Halafu orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo inaonekana kwenye barua ya askofu wa Aleksandria mwaka 367, miaka 42 baada ya mkutano. Na kwamba waandishi wa Injili walikuwa na vyanzo vya kabla yao wala sio siri, fungua Luka 1:1-4, anakwambia mwenyewe wengi walishaandika.

Kinachochanganya watu ni hekaya ya karne nyingi baadaye, eti vitabu viliwekwa kwenye altare vile vya uongo vikaanguka chini, ikaongezewa chumvi na riwaya na filamu. Kwa hiyo jamani tusiifowadi, ikikufikia muulize tu aliyetuma ni kanuni namba ngapi.