Kaunti ikipanga bajeti iulize pia watu wanalala saa ngapi

Kuna mama hapa Kisumu anauza omena soko la Kibuye na anakaa mtaa wa Nyalenda, juzi nilimuuliza lile swali watafiti wa furaha huuliza karibu dunia nzima: mama, fikiria ngazi iko na hatua 0 mpaka 10, juu kabisa ndio maisha mazuri zaidi unayoweza kupata na chini ndio mabaya kabisa, saa hii umesimama wapi? Akanyamaza kidogo akasema 4. Nikamuuliza nini ingekufikisha 5, nikajua atasema mtaji. Akasema usingizi. Huamka saa tisa usiku kupanga laini na mitungi kwa kioski ya maji, na saa kumi na moja anafaa kuwa njiani kwenda soko.

Sasa ona vile hesabu za uchumi zinamwona. Kila mtungi wa lita 20 akinunua, hiyo ni pesa imezunguka, inaingia kwa pato la taifa. Mfereji ukifika kwake alipe kidogo na alale, hiyo pesa inapungua na usingizi wake hauandikwi mahali popote. Simon Kuznets, mchumi aliyetengenezea Marekani hesabu za pato la taifa, alionya tangu 1934 kwamba hali ya watu huwezi kuijua kwa kuangalia mapato peke yake. Pesa ni muhimu sana jamani, njaa inauma, lakini tunachokosa kuhesabu ndicho tunasahau kupangia.

Bhutan, nchi ndogo ya Asia, walianza kuongea hii maneno ya furaha ya taifa miaka ya 1970 wakati wa mfalme Jigme Singye Wangchuck, katiba yao ya 2008 ikaifanya kazi ya serikali, na wakipima wanauliza mpaka mtu analala masaa mangapi. New Zealand nao 2019 wakasoma bajeti ya ustawi, afya ya akili ikapata mgao mkubwa. Lakini Bhutan hiyo hiyo kwenye miaka ya 1990 watu wengi sana wenye asili ya Nepal walifukuzwa, ndio maana mimi naogopa serikali ikituambia tuna furaha, heri ituulize.

Na hapa kwetu msingi uko. Utangulizi wa Katiba ya 2010 unataja ustawi wa mtu, familia, jamii na taifa, Ibara ya 43 inasema maji safi, afya, chakula na makao ni haki. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bunge la kaunti kabla Aprili 30 kuisha, na lazima mwananchi asikizwe. Kwa hivyo mkiitwa kikao cha wadi msiseme tu tunataka rodi. Semeni watoto wanachota maji dakika ngapi, kliniki mnangoja masaa mangapi, mtu akitembea Manyatta saa mbili usiku anaogopa kupita wapi, na muombe iandikwe kwa ripoti vile mmesema, na namba zake, halafu mwaka ujao muulize tena maswali yale yale.